Krosi na Propela ya Lori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa madereva, matingo, mafundi na wenye malori, iwe Fuso, Isuzu, Scania, Howo au lingine lolote linalosukumwa na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu (sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma). Vipimo vya kukaza bolti havimo, kwa sababu kila flenji (sahani ya chuma ya kuunganishia kwa bolti) ina chake. Vichukue kwenye kitabu cha gari lako.

Krosi ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha chuma chenye umbo la msalaba na miguu minne. Kila mguu umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa roli nyembamba za sindano. Vikombe viwili vinakaa kwenye yoki (uma wa chuma wenye masikio mawili) ya propela, viwili kwenye yoki ya flenji. Ndiyo maana propela inaweza kuzunguka huku difu ikipanda na kushuka pamoja na springi. Msalaba umetobolewa njia za grisi zinazoanzia kwenye nipo (kichwa kidogo cha kuingizia grisi) na kuishia kwenye ncha ya kila mguu.

Kazi yake ni kubwa kuliko umbo lake. Chukua injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 700 na gia ya kwanza yenye uwiano wa 6.5: kwenye propela zinafika takriban Nm 4,550. Kama kutoka katikati ya kikombe kimoja hadi katikati ya mwenzake wa upande wa pili ni sm 10, kila kikombe kinasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4.6. Mzigo huo wote unabebwa na sindano chache za upande mmoja, na kinachozitenganisha na mguu ni utando mwembamba wa grisi. Utando huo ukikosekana, krosi bora kabisa itakufa kama ile ya bei rahisi.

Nitajuaje kwamba krosi imeanza kufa?

Sikiliza kwanza. Mlio mwembamba wa "chwi-chwi-chwi" gari likitembea polepole, unaoongeza kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo, ni krosi kavu. Mlio wa "ka!" unapoachia klachi au unapobadili kutoka gia ya mbele kwenda rivasi unaweza kuwa krosi, lakini unaweza pia kuwa spilaini (meno yanayoruhusu propela kurefuka na kufupika) zilizolika au nafasi ya meno ya difu, kwa hiyo usikimbilie dukani kwa mlio huo peke yake.

Kisha tazama. Ungaunga wa rangi ya kutu pembezoni mwa sili (raba za kuzuia grisi isitoke) za vikombe maana yake chuma kinasagana na chuma ndani. Hapo grisi haiponyi kitu. Inaficha mlio kwa muda tu.

Mwisho shika. Gari likiwa limezimwa na kuwekewa kabari, shika propela karibu na krosi uinyanyue na kuishusha, kisha ipindishe kushoto na kulia huku umeikazia macho nafasi kati ya yoki na msalaba. Kwa malori makubwa mwisho wa mchezo (kulegea) unaoruhusiwa ni mm 0.15, yaani karibu unene wa karatasi mbili za daftari. Mchezo unaoonekana waziwazi kwa macho umeshapita kipimo hicho.

Kuna njia nyingine ambayo madereva wa safari ndefu huitumia: baada ya kutembea kilomita ishirini au thelathini, simama na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila krosi. Krosi yenye joto kuliko wenzake ndiyo ya kuanza nayo.

Gari linatetemeka. Ni krosi au ni kitu kingine?

Tembea kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 60 kwa saa, kwa gia mbili tofauti. Mtetemo ukibaki uleule, chanzo kinafuata mwendo wa gari: propela, difu au magurudumu. Ukibadilika kwa sababu injini imepanda au imeshuka mizunguko, angalia injini, klachi na mauntini (raba zinazobeba injini na gia boksi).

Mtetemo wa kuondokea, gari likiwa na mzigo, unaopotea ukishapata mwendo, mara nyingi ni senta beringi (beringi inayoshikilia propela katikati) iliyochanika raba au pembe mbaya ya propela. Ule unaoanza ghafla ukifika mwendo fulani na kuzidi kadiri unavyokanyaga ni propela iliyopinda, iliyopoteza kipande cha balansi, au iliyofungwa spilaini vibaya. Tope lililogandia kwenye bomba la propela upande mmoja nalo linatosha kuleta mtetemo, kwa hiyo osha kwanza kabla hujalaumu kitu.

Nitumie grisi ipi?

Grisi ya lithiamu au lithiamu kompleksi, namba 2, yenye alama ya EP. Alama hiyo inaonyesha kwamba ina viungo vya kubeba shinikizo kubwa, na krosi inavihitaji. Grisi ya lithiamu ya kawaida huanza kuyeyuka na kudondoka kwenye takriban nyuzi 180 za Selsiasi; kompleksi hupita hapo kwa mbali. Grisi rahisi ya kalsiamu, ile ya kupaka bawaba na sahani ya trela, huyeyuka mapema mno kwa kazi hii.

Rangi haisemi chochote. Nyekundu, bluu au kahawia ni rangi tu ya kiwandani, na grisi mbili za rangi moja zinaweza kuwa za aina mbili zisizopatana. Grisi ya lithiamu ikichanganyika na ya udongo wa bentonaiti au ya poliurea, mchanganyiko unaweza kulainika na kutiririka. Ukibadili aina, pampu hadi ya zamani itoke yote. Na usilainishe grisi kwa oili ya injini ili ipite kwenye bomba la kupigia grisi. Ikishalainika, itarushwa nje propela ikizunguka.

Nipige grisi baada ya kilomita ngapi?

Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kama huna, fuata hivi: gari la lami, kila kilomita 10,000 au kila mwezi, lolote litakalotangulia, gari la vumbi na changarawe, kila kilomita 5,000, tipa la machimbo, kokoto au mchanga wa mtoni, kila wiki. Gari lililopita kwenye maji yaliyofunika krosi lipigwe grisi siku hiyohiyo. Krosi iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia midomo ya sili. Kuosha chasisi kwa mashine ya presha kuna madhara ya aina hiyo, na wengi hawalikumbuki.

Grisi inapigwaje ipasavyo?

Simamisha gari pa tambarare, zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Futa kichwa cha nipo kwa kitambaa mpaka kiwe cheupe. Hatua hii ndogo hurukwa kuliko zote, na mchanga ulio juu ya nipo ndio unaotangulia kuingia kwenye sindano.

Bana mdomo wa bomba la grisi kwenye nipo ukiwa umenyooka na upampu polepole. Angalia vikombe vyote vinne. Grisi ya zamani, nyeusi au ya kahawia, itaanza kutoka kwenye midomo ya sili; endelea hadi itoke mpya, safi, kwenye vikombe vyote vinne. Hiyo ndiyo alama pekee kwamba umemaliza. Kuhesabu mapigo hakusaidii, maana bomba moja hutoa gramu moja kwa pigo na jingine hutoa zaidi au pungufu. Ukitaka kujua la kwako, pampu mara 20 juu ya kipande cha karatasi, pima kwa mizani, gawanya kwa 20.

Soma kinachotoka. Grisi nyeusi laini ni ya kawaida. Ya maziwamaziwa ina maji, kwa hiyo endelea kupampu hadi isafike, na sili za krosi hiyo uzifuatilie. Yenye chembe zinazong'aa au rangi ya kutu inasema krosi hiyo iwekwe kwenye orodha ya kubadilishwa.

Futa iliyozidi. Grisi iliyoachwa nje hukusanya mchanga, na safari ijayo hutaona kama mpya imetoka au la.

Lori lenye difu mbili na propela ya vipande viwili huwa na krosi tano: tatu kwenye propela ndefu na mbili kwenye ile fupi ya kati ya difu. Fupi ndiyo inayosahaulika, kwa sababu nipo zake mara nyingi hukutwa zimeangalia juu, zimefichwa na chasisi. Usikate tamaa wala usiruke: toa kabari, sogeza gari nusu mzunguko wa propela, weka kabari tena. Krosi za huko hukaa kwenye pembe kali na huhitaji grisi kuliko za mbele.

Bomba la upepo linaharakisha kazi, lakini shinikizo lake linaweza kugeuza midomo ya sili. Kwa krosi tunapendelea bomba la mkono.

Vikombe vitatu vinatoa grisi, kimoja hakitoi. Nifanyeje?

Usikiache. Hicho kimoja kitakufa na kuwaua wenzake watatu. Anza na njia rahisi: endelea kupampu huku mwenzako akitikisa propela kushoto na kulia, au akiisukuma kwa mtaimbo kuelekea upande wa kikombe kinachotoa, ili kilichoziba kipate nafasi. Mara nyingi hii inatosha.

Ikishindikana, na vikombe vyako ni vile vinavyoshikwa kwa bamba na bolti mbili, legeza bolti za kikombe hicho kiasi cha mm 1.5, pampu hadi grisi itoke, kisha kaza tena kwa torki yake. Kwa vile vya saklipu (pete za chuma zinazozuia kikombe kisitoke), gonga sikio la yoki kwa nyundo ya shaba au ya plastiki, ujaribu tena. Ikigoma kabisa, shusha propela ufungue kikombe. Ndani utakuta ama grisi iliyokauka ikawa ngumu, ambayo inasafishika, ama mguu uliokwaruzika, na hapo unanunua krosi.

Spilaini za propela nazo zinapigwa grisi?

Ndiyo, kama kuna nipo kwenye yoki ya kuteleza. Sehemu hii ndiyo inayorefusha na kufupisha propela springi zinapocheza. Ikikauka, inang'ang'ania, na msukumo wake unahamia kwenye senta beringi na beringi ya gia boksi.

Yoki nyingi za aina hii zina kifuniko mwishoni chenye tundu dogo la kutolea hewa. Pampu hadi grisi itokeze kwenye tundu hilo, kisha liziba kwa kidole na uendelee hadi itokeze upande wa pili, kwenye sili ya spilaini. Usipoziba, grisi yote itapita njia fupi ya tunduni na meno ya upande wa pili yatabaki makavu.

Baada ya hapo jaribu mchezo wa spilaini kwa kunyanyua. Ukiona unapita mm 0.18, grisi haitausaidia, meno yamekwisha.

Na senta beringi?

Nyingi zimefungwa kiwandani na hazina nipo. Hizo ziache. Chache zenye nipo zipige kidogo, mapigo mawili matatu, kwa sababu grisi ikizidi huvunja sili. Kagua zaidi raba yake: ikichanika au kulainishwa na oili inayovuja gia boksi, propela hulala na kubadili pembe za krosi mbili kwa wakati mmoja.

Krosi zangu hazina nipo. Nitoboe niweke?

Hapana. Krosi hizo zimejazwa grisi kiwandani na sili zake hazikutengenezwa kutoa iliyozidi. Pia kutoboa mguu wa msalaba uliokomazwa ni kupanda ufa. Zitumie hadi zichoke. Ukibadilisha, unaweza kutafuta yenye nipo ya kipimo kilekile, ilimradi utaipiga grisi kweli.

Ninunueje krosi sahihi?

Pima vitu vitatu kwa kalipa: kipenyo cha kikombe, urefu kutoka mgongo wa kikombe hadi mgongo wa kikombe kinachotazamana nacho, na namna vikombe vinavyoshikwa. Vipimo viwili vya kwanza ndivyo vinavyoandikwa boksini, kwa mfano 57 x 152, kwa milimita. La tatu ndilo linalorudisha watu dukani: kuna za saklipu ya nje, za saklipu ya ndani, za bamba na bolti, na zenye mabawa yanayofungwa moja kwa moja kwenye flenji. Nyingine zina vikombe viwili vya kipimo kimoja na viwili vya kingine. Nenda na krosi ya zamani mkononi.

Bandia zipo nyingi, na boksi zuri si ushahidi. Vua kikombe kimoja mbele ya muuzaji: sindano ziwe zimejaa duara bila pengo, sili iwe na mdomo laini usio na mikunjo. Kisha pitisha tupa ndogo pembeni mwa ncha ya mguu, mahali pasipobeba sindano. Chuma kilichokomazwa tupa huteleza juu yake. Ikikwangua na kutoa unga, acha hapo hapo.

Nunua krosi nzima. Kuvalisha vikombe vya zamani kwenye msalaba mpya, au kinyume chake, ni kupoteza vyote viwili.

Kabla ya kufungua propela, kuna hatari gani?

Kubwa kuliko zote: kwenye malori mengi madogo na ya kati ya Kijapani, handbreki ni dramu iliyo nyuma ya gia boksi. Inashika propela, na propela ndiyo inayoshika magurudumu. Ukifungua bolti za flenji, handbreki imekwisha, hata kama mkono umevutwa hadi mwisho. Kuweka gia nako hakusaidii kitu. Weka kabari za maana, magurudumu mawili, mbele na nyuma, kabla ya kugusa spana. Malori yenye breki za springi hushika magurudumu yenyewe, lakini kabari huwekwa vilevile.

Pili, propela ya lori zito ni mzigo wa watu wawili. Ifunge kwa mkanda au iegemeze kwenye jeki kabla ya kutoa bolti ya mwisho. Usiiache ining'inie kwa krosi moja, wala usilale chini yake.

Inashushwaje?

Osha. Piga alama za rangi au za tindo kwenye flenji na yoki kila mahali utakapotenganisha, na kwenye spilaini pande zote mbili. Kisha fungua flenji ya difu, uegemeze, ufungue mabano ya senta beringi, umalize na flenji ya mbele. Flenji ikigoma kuachia, igonge pembeni kwa nyundo ya shaba. Flenji za Ulaya zenye meno ya kukatana hushikana sana, nazo hazipaswi kutumbukiziwa tindo katikati, maana jino likipondeka flenji haitakaa sawa tena.

Nati za kujifunga tupa, nunua mpya. Bolti zirudishwe zikiwa za daraja lilelile, kwa kawaida 10.9, namba imeandikwa kichwani.

Krosi ya zamani inatolewaje bila kuharibu yoki?

Toa saklipu zote nne. Zikigoma, gonga kikombe kidogo kuelekea ndani ili saklipu ipate nafasi, unyunyizie mafuta ya kulegeza kutu.

Tumia jiriwa kubwa au presi: bokisi (soketi ya spana) ndogo kuliko kikombe upande mmoja, bokisi kubwa ya kupokelea upande wa pili. Kaza, kikombe kitatoka. Geuza, rudia. Bila presi, kalisha sikio la yoki kwenye bomba la chuma linaloruhusu kikombe kupita, ugonge yoki ya pili kuelekea chini. Uzito wake utausukuma msalaba, na msalaba utakisukuma kikombe nje.

Iliyong'ang'ania kabisa, kata msalaba wenyewe kwa grainda, kisha toa vikombe kimoja kimoja. Gesi iache mbali. Moto hulegeza ukomavu wa yoki na kuipindisha, na yoki iliyopinda hailingani tena na tundu la upande wa pili. Nyundo kubwa moja kwa moja kwenye sikio la yoki nayo hufanya hivyohivyo.

Krosi mpya inaingia kwa kidole tu, inalegea kwenye tundu. Tufanyeje?

Yoki imelika. Hapa mafundi wengi wa pembeni mwa barabara hupiga sentapanchi kuzunguka tundu ili kikombe kibane, au huzungushia bati, au hupiga weldi nukta mbili tatu juu ya kikombe. Gari litaondoka, ni kweli. Lakini vinundu vya sentapanchi hupondeka kwa mzigo wa kwanza wa maana, na joto la weldi huunguza sili na grisi ya kikombe hichohicho. Badilisha yoki, au peleka kwa fundi wa mashine anayetengeneza propela na kuzipima balansi.

Krosi mpya inafungwaje?

Safisha matundu ya yoki kwa msasa laini, ondoa vijinundu, toa uchafu wote kwenye mifereji ya saklipu. Vua vikombe vyote vinne, paka sindano grisi kidogo ili zishikilie ukutani, na ujaze vishimo vya grisi kwenye ncha za miguu. Grisi inayokuja na krosi boksini ni ya kuzuia kutu tu, haitoshi kwa kazi.

Ingiza msalaba kwenye yoki, nipo ikielekea upande wa bomba la propela, mahali ambapo bomba la grisi litafika. Kama propela ina krosi mbili, nipo zake ziwe kwenye mstari mmoja. Utamshukuru aliyefanya hivyo siku ya kupiga grisi.

Sogeza msalaba upande mmoja ili mguu uchomoze nje ya tundu, uuvalishe kikombe ungali nje, kisha sukuma kikombe na mguu kwa pamoja. Mguu ukiwa ndani ya kikombe, sindano hazina pa kuangukia. Fanya hivyohivyo upande wa pili: rudisha msalaba hadi mguu wa pili uingie kikombe chake, kabla kile cha kwanza hakijaachana na mguu wake. Sukuma kwa jiriwa, taratibu, huku ukichezesha msalaba kwa mkono. Msalaba ukikaza ghafla, simama.

Mfereji wa saklipu usipotokeza wote, sababu karibu kila mara ni moja: sindano moja imeanguka na kulala kwenye sakafu ya kikombe. Usigonge. Toa kikombe, irudishe, anza upya. Anayegonga huivunja, na vipande vyake vitasaga mguu ndani ya siku chache.

Funga saklipu, hakikisha kila moja imekaa mferejini mzunguko mzima. Saklipu huuzwa za unene tofauti. Mbili zinazotazamana ziwe sawa, ili msalaba ukae katikati na propela isipoteze balansi. Mchezo wa pembeni uwe mdogo sana, kwa malori mengi usiozidi mm 0.1.

Nimefunga, lakini krosi ni ngumu kuchezeshwa kwa mkono. Italainika yenyewe?

Gonga kila sikio la yoki mara moja mbili kwa nyundo ya plastiki, kutoka nje, ili vikombe virudi hadi kwenye saklipu. Baada ya hapo krosi inatakiwa kucheza pande zote kwa ugumu mdogo unaolingana. Upande mmoja ukikwama, fungua. Haitalainika yenyewe; itapata moto.

Sasa piga grisi hadi vikombe vyote vinne vitoe. Propela ikiwa bado chini kwenye benchi, kazi hii ni ya dakika mbili.

Mishale iliyo kwenye propela ni ya nini? Nikikosea jino moja la spilaini kuna shida?

Kuna shida. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi upande wa pili kwa mwendo sawa. Kwa pembe ya digrii 10 na mizunguko 2,000 kwa dakika, upande unaopokea hupanda hadi takriban 2,031 na kushuka hadi 1,970, mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili ndiyo inayofuta tofauti hiyo, lakini kwa sharti kwamba yoki mbili za kipande hicho cha propela zimekaa kwenye mstari mmoja. Jino moja likirukwa, tofauti haifutiki. Inageuka mtetemo unaokula krosi, senta beringi na sili ya difu. Linganisha mishale, au alama ulizopiga wakati wa kufungua. Kwa propela ya vipande viwili fuata alama za kiwandani, maana si zote zinazopangwa sawa.

Nabadilisha krosi ileile kila baada ya miezi miwili. Tatizo ni nini?

Kama unaipiga grisi na imenunuliwa nzuri, tatizo liko nje ya krosi. Angalia kwanza pembe. Pakua programu ya pima maji kwenye simu, uweke simu kwenye flenji ya gia boksi, juu ya bomba la propela, na kwenye flenji ya difu, gari likiwa pa tambarare. Tofauti kati ya flenji na bomba ndiyo pembe ya krosi. Pembe za mbele na nyuma zikaribiane, zisipishane kwa zaidi ya digrii 1, na kwa gari la barabarani kila moja ikae chini ya digrii 3 hivi. Zisiwe sifuri pia: bila nusu digrii angalau, sindano hazibingiriki, zinagonga mahali palepale na kuchimba mistari kwenye mguu.

Kinachovuruga pembe huku kwetu mara nyingi ni springi. Majani yakiongezwa ili gari libebe zaidi, ekseli hubadili mkao na pua ya difu inapanda au inashuka. Yuboliti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea hufanya vilevile, ila zenyewe huonekana tu gari linapovuta. Mauntini za gia boksi zilizokufa nazo ni hivyo.

Halafu mguu wa dereva. Kuachia klachi ghafla kwenye gia ya kwanza, gari limezama mchangani na mzigo juu, huipa krosi pigo linalozidi kwa mbali zile tani 4.6 za hapo juu. Kung'oa gari kwa kulitikisa mbele na nyuma ni kuirudia adhabu hiyo mfululizo.

Soma krosi iliyotoka kabla ya kuitupa. Mistari inayoshikika kwa ukucha kwenye miguu yote ni mzigo au pembe. Miguu iliyoungua na kuwa ya bluu au kahawia ni ukavu. Mguu mmoja umekufa na mitatu mizima: grisi haikuwa ikifika kwenye kikombe hicho.

Krosi inaweza kugeuzwa ili upande usiolika ubebe mzigo?

Itakufikisha karakana ya jirani. Vikombe vimeshalika pia, na mchezo unabaki palepale.

Krosi imelegea njiani na nina mzigo. Niendelee?

Kama mbele kuna mteremko, hapana. Propela ikikatika ukishuka Mlima Kitonga, unapoteza breki ya injini papo hapo, na ritada (breki ya ziada ya kupunguza mwendo) kama iko kwenye gia boksi. Unabaki na breki za magurudumu peke yake, nazo zimeshapata moto. Kipande cha mbele kikidondoka hupiga matangi ya upepo na mabomba yake, na kikichoma lami kinaweza kuinua gari.

Kwa lori la difu mbili, ikiwa iliyokufa ni propela fupi ya kati, kuna nafasi ya kujiokoa: iondoe kabisa, funga loki ya difu ya kati (inayolazimisha difu zote mbili kuzunguka pamoja), na difu ya mbele peke yake itasukuma gari. Bila loki hiyo nguvu yote itazunguka bure upande usio na propela. Tembea polepole, ikiwezekana mzigo umepunguzwa, hadi karakana ya kwanza tu.

Gari likivutwa, propela ibaki?

Itolewe, au zichomolewe shafti za magurudumu. Injini ikiwa imezimwa, gia boksi nyingi hazipandishi oili, na propela inayozungushwa na magurudumu huunguza beringi zake ndani ya safari moja. Ukishaitoa, zungushia vikombe vilivyo wazi utepe ili visidondoke, na zile bolti zirudishe kwenye matundu ya flenji uzikaze kwa mkono, zisipotee.